Taa Nyekundu ya Jikoni kwa Nadhima

Nadhima amezaa wanne, kazika wawili, na kwa miaka ishirini na ushei ameishi akiitazama taa moja ndogo nyekundu jikoni kwake, hapo mjini Baakuba. Mumewe, Mutashari, aliifunga kwenye waya wa serikali. Ikiwaka, umeme wa serikali umekuja. Ikizimika, ndiyo basi tena, mnarudi kwenye jenereta la mtaa.

Mutashari alikuwa fundi wa kupanda minara ya umeme. Vita vilipoingia, minara ikawa inalipuliwa, leo huu, kesho ule. Yeye na wenzake wanaisimamisha, inaangushwa, wanaisimamisha tena, na huko juu wakubwa wanakula hela za mitambo mipya bila hata kunawa. Moshi wa mafuta yaliyochomwa ukamkaa kifuani. Alirudi nyumbani mapafu hayana kazi, akawa mtu wa kuvuta hewa kwa mashine.

"Nimeuwashia mkoa mzima," alikuwa akimtania mkewe, "na wewe unanipa ampea mbili?"

"Ukitaka tatu, Baba Rafidi, kaoe kwa Khudheri."

Khudheri ndiye mwenye jenereta la mtaa, anayeuza umeme kwa ampea. Ampea zake mbili zilibeba mashine na feni, basi. Ukiongeza kitu kizito, swichi kule kwake inaruka, na nyumba inabaki bila umeme mpaka mtu aende akamwambie. Kwa hiyo ukutani, karibu na mlango wa uani, kulikuwa na mkono wa kugeuza: juu serikali, chini jenereta.

Alhamisi moja ya Agosti, saa nne asubuhi, tangi la maji likiwa kavu siku ya pili, taa nyekundu ikawaka. Siku zile umeme wa serikali ulikuwa hauzidi robo saa. Nadhima akatupa kisu cha bamia, akakimbilia uani kuwasha pampu. Mkono wa ukutani hakuugeuza. Alikuwa ameugeuza mara elfu maishani mwake, maskini, na siku hiyo akasahau.

Pampu ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Chumbani mashine ikaanza kulia.

"Serikali wameshakata," Nadhima akasema, maana ndivyo walivyomzoesha, na mazoea yana tabu. Akaizima pampu, akachungulia chumbani. "Vumilia, naenda kwa Khudheri awashe jenereta."

Mutashari hakuwa na pumzi ya kusema. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. Nadhima akadhani anamhimiza awahi, akageuka, akatoka mbio na miguu yake ile mibovu. Ni mitaa miwili.

"Swichi yako imeruka, shangazi," Khudheri alisema, akiirudisha. "Umewasha nini?"

"Pampu. Serikali walikuja, wakakata."

"Hawajakata. Mbona kwangu upo? Mkono uliugeuza?"

Nadhima alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alipofika, mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri, inapuliza hewa. Mutashari hakuwa anaivuta. Alimwita, akamtikisa, akamwita tena kwa jina lake la ujana ambalo hakuwahi kulitaja mbele za watu.

Khudheri aliyemfuata alimkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani, pale pale mumewe alipokuwa akiegemea. Kutoka hapo, mlango ukiwa wazi, jikoni kunaonekana. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Alikuwa ananionyesha," Nadhima alisema. "Na mimi nikampa kisogo."