Landrova ya Baba na Watu wa Kuisukuma

Enzi zetu pale Baleni gari halikuwashwa, lilishuliwa kama chombo kinavyoshuliwa majini. Nyie wa rika langu mliokulia Mafia mnanielewa. Vijana inabidi niwaeleze polepole, maana wao wamezaliwa wamekuta kila kitu kinawaka kwa kidole.

Asubuhi baba akishamaliza chai yake ya rangi na muhogo wa kuchemsha, alitoka uani, akapanda kwenye landrova yake ya kijani, akakaa nyuma ya usukani. Stata ilikuwa imekufa. Ndivyo alivyotuambia tangu sijaanza shule, na ndivyo ilivyobaki mpaka natoka pale kwenda kusoma. Basi alipiga honi mara moja tu, akangoja. Hakuita mtu kwa jina, kama vile ufukweni asivyoitwa mtu chombo kinapotaka kwenda majini, anayesikia anakuja. Mkwezi alishuka mnazini na panga lake kiunoni. Bi Zena, jirani yetu, aliiacha mbuzi yake ya kukunia na nazi juu yake, akaja na viganja vyeupe vya machicha. Sisi watoto tulikuwa tumeshajipanga nyuma zamani, tukigombea nafasi karibu na gurudumu la akiba.

Bi Zena ndiye aliyekuwa akitoa sauti, ingawa mwili wake ulikuwa mdogo kuliko wetu wote. Yeye anavuta wimbo, sisi tunaitikia, gari linaanza kusogea kwenye mchanga, linapata kasi kidogo kwenye kile kiteremko cha kuelekea barabarani, baba anaachia klachi. Injini inakohoa, inakataa, inakohoa tena, halafu inashika. Hapo tena moshi mweusi wote unatuishia sisi wa nyuma. Mwalimu wetu wa darasa la tatu hakuhitaji kuuliza nani kachelewa kwa sababu gani, alitazama mashati tu. Alituita watoto wa eksozi, na sisi tuliona fahari.

Baba hakuondoka papo hapo. Aliiacha injini ingurume, mama akatoa sinia la muhogo uliobaki na birika la chai, waliosukuma wakala wamesimama, wakipeana habari za nani kalala na homa na nani kajifungua. Ndipo safari ikaanza, gunia za mbata, zile nazi kavu, nyuma, wasafiri juu ya gunia, na mara nyingine mgonjwa amelazwa katikati anapelekwa Kilindoni. Mama alimlalamikia sana kuhusu ile stata. Alimwambia, "Mume wangu, watu watachoka na wewe." Baba alimjibu jibu lake lile lile, "Wasiposukuma, watapandaje?" Mama akacheka kwa hasira na kuingia ndani.

Na harufu, jamani. Baba alikuwa akiipaka chasisi mafuta ya sifa, yale ya maini ya papa ambayo watu hupaka vyombo vyao ili mbao zisiliwe. Alisema kama yanazuia maji ya bahari yasile jahazi, yatazuia na hewa ya bahari isile chuma, na kusema kweli hakukosea. Ila gari lilinuka hata ukiwa msikitini unajua limepita. Paa lilipoanza kuvuja alimleta fundi wa vyombo, akaziba mianya kwa pamba na mafuta, kalafati kamili, kama vile tunajiandaa kuvuka kwenda Kilwa. Kukiwa na harusi, akina mama walikuja na vyetezo tangu alfajiri, wakaifukiza landrova udi mpaka moshi ukatoka madirishani. Bi harusi alifika kwa mumewe ananukia udi juu na papa chini. Sikuwahi kusikia ndoa iliyovunjika kwa sababu hiyo.

Idi ndiyo ilikuwa siku yetu. Jioni baba aliwapeleka watoto wote wa mtaa Kilindoni kutembea, bure, kwa sharti moja la kusukuma kwanza. Tulisukuma na nguo mpya, wasichana na hina mikononi, akina mama wakipiga kelele mlangoni kuhusu moshi. Mimi, kaka yangu Shomari na mdogo wetu Mwajuma tulikuwa na haki ya kukaa mbele, lakini tulikimbilia nyuma kwa wenzetu, kwa sababu mbele kulikuwa na mama tu na utulivu. Nikitaka kukumbuka furaha, huwa naikumbuka ile, upepo wa minazi usoni na meno yangu yote nje.

Baba alifariki mimi nikiwa mwalimu wa jiografia huko Morogoro. Mama akamfuata. Landrova ikabaki uani chini ya makuti, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Shomari aliolea Mtwara akakaa huko, Mwajuma yuko Dar es Salaam na wajukuu. Nami nilipostaafu, mke wangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nikasema narudi kwetu. Nilidhani kurudi kwetu ni kushuka botini na begi. Nilikuta nyumba ipo, minazi ipo, watu niliowaacha hawapo, isipokuwa Bi Zena, naye uzee umemweka ndani. Ninaokutana nao njiani wananiamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," nawaitikia marahaba, wanapita. Ukimya wa nyumba ile sikuuzoea, na bado sijauzoea.

Ndipo nikaitazama landrova. Mimi si fundi. Nilichojua kuhusu injini ni kuisukuma. Lakini niliwaza kwamba gari lile likitembea tena, Idi ya mwaka huu Shomari na Mwajuma watakuja, tutapanda wote watatu, na nyumba itakuwa na watu walau siku mbili. Sikutaka zaidi ya hapo. Niliwapigia simu nikawaambia. Shomari akasema, "Inshallah." Mwajuma akasema atajitahidi.

Nikaanza. Asubuhi napiga msasa, mchana natazama kwenye simu video za namna ya kufungua pampu ya dizeli, jioni nafungua nilichofunga vibaya asubuhi. Vipuri vilikuja kwa boti kutoka Nyamisati, mara nyingine vya gari jingine kabisa, nikavirudisha. Niliongea na lile gari kuliko nilivyoongea na binadamu. Vijana wa bodaboda waliopaki kwenye kijiwe cha barabarani walikuja siku za mwanzo, wakajipiga picha wameegemea boneti na miwani ya jua, wakaniuliza kama lina bluetooth. Nikawaambia lina upepo. Hawakurudi, maana mtu wa siku hizi akishapata picha ya kitu amemalizana nacho.

Chasisi ilinishangaza. Nilipokwangua yale matabaka ya sifa nilikuta chuma kizima, kinang'aa. Lakini kilichonifanya niwe na kiburi kidogo ilikuwa stata. Niliifungua nikijua itakuwa imeoza, nikaikuta nzima, kama haijawahi kufanya kazi. Waya wake tu ndio ulikuwa umechomoka. Niliukuta nyuma ya dashibodi, umeviringishwa vizuri kwenye kitambaa kilicholowekwa sifa, umefungwa na uzi. Nilicheka peke yangu uani. Nikasema, mzee wangu, Mungu akurehemu, ulikuwa dereva mzuri lakini fundi wa kubahatisha, maisha yote umesumbua watu kwa waya mmoja. Nikaukata ncha iliyochakaa, nikauunganisha. Betri mpya, mafuta mapya, nikazungusha ufunguo. Gari likawaka.

Nilikaa pale nikisikiliza. Kuku walikimbia, basi. Hakuna mlango uliofunguliwa. Nilizima, nikawasha tena, nikazima, kama mtoto aliyepewa firimbi.

Zilipobaki siku chache kufikia Idi nilimpigia Mwajuma simu ya video. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mjukuu wake anaumwa, na Shomari naye amempigia kusema magoti hayamruhusu kupanda boti. Nilimwambia haina neno. Akasema, "Kaka, liwashe basi nami nilisikie." Nikaiweka simu juu ya boneti, nikazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja, safi, bila kikohozi. Niliporudi kwenye simu nilimkuta amekunja uso.

"Mbona sisikii watu?" akauliza.

"Watu gani?"

"Nani kasukuma?"

"Hajasukuma mtu. Nimetengeneza stata. Waya tu ulikuwa umechomoka."

Mwajuma aliweka sawa mtandio wake. Halafu akasema, "Aa, basi vizuri kaka," kwa sauti ambayo mtu huitumia akipewa zawadi isiyo saizi yake. Tukaagana.

Nilibaki pale uani na mikono ina grisi, na nikakifikiria kile kitambaa. Kitu kikichomoka chenyewe hakijiviringishi kwenye kitambaa. Hakijipaki sifa wala kujifunga uzi. Baba alikuwa mtu wa kuja, aliletwa Baleni kutoka Kilwa kuendesha gari la shamba la minazi, na shamba lilipofungwa akabaki na lile gari na sisi. Hakuwa na shangazi pale, hakuwa na binamu, hakuwa na mtu wa kumkalia matanga. Alikuwa na gari peke yake kijiji kizima, na ninajua watu wanavyomtazama mwenye kitu peke yake. Basi kila asubuhi akajifanya hawezi kuondoka bila wao. Nililia, na sioni haya kusema, nikiwa nimeegemea lile gari nililolitengeneza mpaka likawa halimhitaji mtu.

Asubuhi ya Idi, kabla ya kwenda kuswali, nilichomoa waya wa stata nikautia mfukoni mwa kanzu. Tuliporudi kutoka msikitini nikapanda, nikapiga honi mara moja, nikangoja.

Nilingoja sana. Watu wawili watatu walitazama, wakadhani nasalimia, wakapunga mkono. Uso ulinipata moto. Nilikuwa nimeshafungua mlango nishuke ndipo nikamwona Bi Zena anakuja na mkongojo wake, mdogo zaidi hata ya zamani, amevaa kanga mpya.

"Shikamoo bi."

"Marahaba baba. Limegoma?"

"Limegoma."

Hakuniuliza zaidi. Aligeuka barabarani, akawakemea wale vijana wa bodaboda, "Nyie mnatazama nini? Njooni mshue hili gari, sikukuu inapita." Walikuja wanacheka, mmoja anasukuma kwa mkono huu na kupiga video kwa mkono ule, kila mtu kwa wakati wake, gari halisogei hata kidogo. Ndipo Bi Zena akaweka kiganja kwenye bodi, akavuta ile sauti. Imezeeka, inakatika katikati, lakini ilikuwa ile ile. Wale vijana hawakujua cha kuitikia. Niliitikia mimi, kutoka nyuma ya usukani, peke yangu, na wao wakadaka. Gari likatembea. Likakohoa. Lilipotoa moshi, niliwaona kwenye kioo wamechafuka mashati ya sikukuu na wanafurahi kuliko walivyotaka kuonyesha.

Walirukia nyuma bila kuuliza, na Bi Zena nikampandisha mbele, pale alipokuwa akikaa mama. Tulipofika Kilindoni vijana wakashuka, wakaenda zao wakiangalia simu, na kurudi tukarudi wawili. Sikuizima injini mpaka mlangoni kwake. Nilipomshusha alinishika kanzu, pale mfukoni ncha ya waya ilipokuwa ikichungulia.

"Huo waya usiuache hivihivi, utaliwa na kutu," akasema. "Baba yako alikuwa akiupaka sifa. Marehemu mkwezi ndiye aliyemletea hayo mafuta."

Nilishindwa hata kujifanya sielewi. "Kumbe mlikuwa mnajua, bi?"

"Tulikuwa tunajua wote, ila nyie watoto."

"Na mlisukuma miaka yote ile?"

"Alikuwa mgeni, baba," akasema Bi Zena. "Ndiyo hodi aliyoiweza."

Akaingia ndani polepole, akafunga mlango.

Enzi zetu hodi ilijibiwa hata ikipigwa kwa honi. Leo Baleni kila mtu ana chombo chake cha kuwaka chenyewe, na mtu akitaka kuja kwako anapiga simu kwanza kuuliza kama upo, na ukisema upo anasema basi atakuja siku nyingine. Siwalaumu, nami nilikuwa Morogoro miaka yote ile nikisema nitakuja. Waya nimeupaka sifa, nimeuviringisha, nimeufunga uzi. Asubuhi nachemsha muhogo mwingi kuliko ninaoumaliza, nakunywa chai yangu ya rangi, napanda, napiga honi mara moja. Siku nyingine wanakuja vijana wawili, siku nyingine Bi Zena na mkongojo wake. Siku nyingine haji mtu, nami naendelea kukaa pale nyuma ya usukani mpaka muhogo unapoa.