Matumbo kwenye Hodhi la Kuogea

Harufu ya matumbo ya mbuzi kabla hayajapikwa siwezi kuisahau, na nimejitahidi sana. Inakaa puani, inakaa kwenye taulo, inalala na wewe. Kwetu ughaibuni, mjini Laurel, miaka ile ya elfu mbili na kitu, hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi. Wenzangu walipelekwa kutazama wanyama wakiwa hai. Sisi baba alitupakia garini hadi shamba la mzungu mmoja nje ya Upper Marlboro, mbuzi akachinjwa tukitazama, matumbo yakarudi nasi kwenye ndoo iliyowekwa miguuni pangu. Gari likikata kona, ndoo inacheua. Nilikaa magoti kidevuni, nimeziba pua, nikiuchukia ukoo mzima.

Sinki la jikoni lilikuwa dogo, kwa hiyo kuosha kulifanyika bafuni. Mama, aliyeshinda wiki nzima kazini akiogesha wazee wa watu, alipiga magoti kando ya hodhi lile lile tuliloogea sisi, akageuza utumbo ndani nje kama soksi. Majani yaliyotafunwa nusu yakaelea kando ya sabuni yangu. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba nitatapika.

“Tapika, kisha ushike,” akasema. “Wacha maringo, Wanja. Yakiwa kwa sahani huwa huulizi yameoshwa na nani.”

Mwaka niliokuwa darasa la sita, mwalimu wa sanaa alikuwa na nafasi moja tu ya mafunzo ya kuchora wakati wa likizo, nami niliitaka hadi nikakosa usingizi. Michoro yangu ya farasi na mawaridi aliirudisha yote. Eti nachora vitu nisivyowahi kuviangalia. Mchoro wa mwisho ulitakiwa Jumatatu, na Jumamosi hiyo sikuwa na chochote ila utumbo mkononi. Nikautazama kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama. Kipande ambacho mama alikiita kitabu kilikuwa na kurasa nyembamba zilizobanana. Kingine kilijaa vijumba vya pembe sita, vimepangika kuliko vigae vya ukutani. Kilinuka vibaya, na kilikuwa kizuri. “Mama, usikate,” nikasema, kwa Kiswahili. Akakiinua chini ya taa, maji ya kijani yakimchuruzika hadi kwapani, nami nikachora nimejaza karatasi ya chooni puani. Alilalamika mwanzo hadi mwisho, lakini hakukishusha. Nafasi nikaipata.

Leo nachora nakshi za vitambaa, na bafu langu linanukia ndimu. Matumbo yanauzwa dukani yakiwa meupe pe, yamelainika, yananuka dawa ya kufulia, na hayo ndiyo yanayonitia kinyaa hasa. Mwaka huu michoro yangu imerudishwa mmoja baada ya mwingine. Wateja wanasema ni safi lakini imepoa. Jumamosi iliyopita nikampakia mama garini, tukaenda shambani, ndoo nikamwekea yeye miguuni. Tuliporudi kwangu, mikono yake haikuwa na nguvu tena ya kuinua kitu. Akaketi juu ya kifuniko cha choo, penseli yangu nyuma ya sikio lake, akasubiri niiombe. Nikapiga magoti kando ya hodhi langu jeupe. Nikatapika, kisha nikashika.