Nilimchagulia bosi gari ambalo ni mimi tu ninayeweza kuliendesha

Admin, kisa changu kiweke, jina langu lifiche, maana humu ndani kuna Wakenya wengi wa Doha na wengine tunasali pamoja. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, baba wa watoto watatu, kwetu ni Nyeri. Huu ni mwaka wangu wa nane nikiwa dereva wa familia moja ya Waqatari hapa Abu Hamour. Sijapigwa, sijanyimwa chakula, kwa hiyo msianze kuwatukana. Mwenye kosa hapa ni mimi.

Kwa wasiojua, huku baridi ikiingia wenyeji huhamia jangwani kupiga kambi. Familia ninayoifanyia kazi ina karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, yenye vitanda na jiko. Wanaipeleka mchangani, mbele ya Al Wakrah, na wanakaa huko tangu mwezi wa kumi na moja mpaka joto lirudi. Zamani walikuwa na gari la otomatiki, na kijana wao mkubwa, nimwite Nasser, ndiye aliyekuwa akiivuta. Hata dada wa Kiganda anayepika alikuwa anakwenda nao. Mimi naachiwa funguo nilinde nyumba ya vyumba kumi na moja.

Upweke wa nyumba ile siwezi kuwaeleza mkaelewa. Nilikuwa nawasha televisheni ya Kiarabu, sielewi neno, ili tu kuwe na sauti ya mtu. Kuna wiki nilizungumza na binadamu mmoja, muuza mikate wa pale kona, na tulichoambiana ni "mbili" na "shukran". Nyumbani nikipiga simu, watoto wananisalimu kwa heshima sana, kisha wanampa mama yao simu. Nilikuwa nalia, mwanaume mzima, na sioni aibu kusema.

Mwaka juzi lile gari likachoka. Baba, hivyo ndivyo tunavyomwita bosi, akataka gari kubwa la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kubeba karavani mchangani bila kuhema. Akanichukua twende kutafuta, maana kwa mambo ya magari ananiamini kuliko wanawe. Tulizunguka siku nne yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa otomatiki, breki safi, injini imetulia. La pili lilikuwa la gia za mkono, klachi nzito mpaka goti linauma. Niliyaendesha yote mawili na ukweli wa Mungu, la kwanza ndilo lililofaa. Mchangani, ukiwa na mzigo nyuma, ukikanyaga klachi kubadilisha gia unapoteza mwendo na unazama. Hilo nililijua vizuri. Nilijua pia kwamba katika nyumba ile hakuna anayejua klachi isipokuwa mimi.

Baba akaniuliza, "Wewe ungekuwa mimi, ungechukua lipi?"

Nikamwambia, "Hili la pili, Baba. Halina mambo mengi ya kuharibika jangwani."

Akatia sahihi bila kuuliza tena.

Tangu siku hiyo nakwenda kambini. Jamani, nimeishi. Naketi mkekani na wanaume wa nyumba, sahani moja ya wali, tunacheka. Watoto wadogo wananiita nitazame matuta yao ya mchanga. Kila wiki mimi ndiye wa kuleta tangi la maji, na upepo ukichafua mahali, mimi ndiye wa kuihamisha karavani. Nasser ameniomba mara mbili nimfundishe gia. Mara ya kwanza nilimwambia klachi ina kasoro kidogo. Ya pili nikasema mchanga huu si wa mwanafunzi. Yote uongo.

Sasa binti yangu wa kwanza amepata mchumba, na ruracio, yaani sherehe yetu ya mahari, ni mwezi wa pili. Kwetu baba ndiye anayemuuliza binti mbele ya wageni kama tuwapokee. Nikamwomba Baba ruhusa, kwa sababu nikiondoka bila ridhaa yake sina kazi ya kurudia. Hakukasirika. Alinipa hongera, akaniombea dua, kisha akauliza nani atavuta maji, nani atahamisha nyumba. Akasema nisubiri mwezi wa nne, nitakwenda na zawadi.

Wiki tatu zingetosha kumfundisha Nasser. Lakini siku atakayoshika gia atajua nilimdanganya, na baba yake ataanza kujiuliza kwa nini gari lile lilichaguliwa. Wakinisamehe, bado msimu ujao nitabaki Abu Hamour na funguo.

Juzi nilimpigia binti yangu kumwambia huenda nisiweze kufika. Nilitaka alie, semeni mnavyotaka. Hakulia.

"Sawa, Baba," akasema. "Usijali. Uncle ndiye atakaa hapo mbele na kuniuliza, tulishapanga hivyo tangu mwanzo."

Tangu mwanzo. Yaani kabla sijaomba ruhusa, kabla Baba hajakataa, walikuwa wameshapanga bila mimi. Nikamwambia vizuri, nikamtakia baraka, nikakata simu.

Niambieni basi, ndugu zangu. Niseme ukweli, nimfundishe kijana, nipande ndege kwenda kwenye sherehe ambayo haikunihesabu? Au ninyamaze nibaki hapa ninapohitajika kwa sababu ya klachi? Ninaowaomba wanijibu kwanza ni ninyi mliolelewa na baba wa kwenye simu. Siku hiyo, wageni wameshaketi, angetokea mlangoni na sanduku lake, mngefurahi kweli, au mngeanza kumtafutia kiti?