Dawa ya Kumfunga Bwana

Haya, chekeni mapema mmalize, ndiyo nianze, maana aibu hii niliitafuta mwenyewe bila mtu kunisukuma, na mpaka leo nikipita soko la Kasongo wako akina mama wanaopandisha mkono wa nguo, wananionyesha lile kovu la chanjo na kuniuliza, "Mama Zaina, hii yangu bado iko na nguvu?" Nami nacheka nao, nifanyeje.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Zaina, hata kukaa hajajua vizuri. Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mgiriki, mimi nauza vitumbua sokoni, na mtoto anabebwa na Mwamini, msichana tuliyemtoa kijijini upande wa Wamaza aje kuwa mlezi. Mpole, haongei sana, na mikono yake ilimfaa mtoto kuliko yangu (Zaina akilia mimi namtikisatikisa mpaka anazidi kulia, yeye anamweka mgongoni, anafunga kikwembe, kimya).

Sasa ikaja habari kwamba ndui imeonekana kwenye njia ya Kabambare. Mnanijua, mimi hata siku ya amani situlii, basi siku zile ilikuwa naingia natoka, naingia natoka, namgeuza Zaina usoni kutafuta vipele, naona kidonda cha mbu, nadhani ndiyo yenyewe. Nilimkimbiza kuchanjwa, akakutwa na homa, na munganga wa dispansari, mtu wa kwetu mwenye kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, akaturudisha.

"Mutoto apone kwanza," akasema. "Lakini batu benye kumubeba, bachanjwe bote."

Mimi nilikwisha chanjwa, mume wangu pia. Aliyebaki ni Mwamini, na Mwamini ndiye aliyekuwa anashuka mtoni kila asubuhi, pale pale wasafiri wa Kabambare wanaponawa uso na kunywa maji, halafu anarudi kumbeba mwanangu.

"Mwamini, kesho unaenda kuchanjwa."

"Hapana, Mama Zaina. Naogopa."

Nikamwambia haiumi kuliko mwiba. Anaogopa. Nikamwahidi kikwembe kipya, naye kikwembe alikitaka sana, lakini anaogopa. Nikamgombeza, nikamtisha kumrudisha Wamaza, akainamisha macho akaendelea kupepeta mchele, na neno ni lile lile. Mwamini aliishia hapo kwenye "naogopa", na mimi nikaishia hapo hapo, wala halikunipitia kichwani kumwuliza anaogopa nini. Mtu mwenye haraka ana nafasi ya kuuliza?

Watu wa dispansari walitangaza wataweka meza kando ya soko siku mbili. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza nilikuwa natwanga mchele wa vitumbua, natwanga kwa hasira mpaka unga unaruka nje ya kinu, mara tukasikia lori kutoka Kabambare. Mwamini akatupa ungo, akakimbia barabarani. Alikuwa na mchumba wake, Ramazani, aliyekwenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, alitoa posa akaondoka, tangu hapo hakuna salamu wala nini. Kila lori likifika Mwamini alikuwa anakwenda kuangalia wanaoshuka. Akarudi polepole, akaokota ungo, akakaa.

Hapo ndipo shetani aliponipitia.

"Mwamini," nikasema, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya ukoo, "unajua ile chanjo iko na kazi ya pili?"

Akainua uso.

"Inamufunga bwana. Hata kama iko mbali, moyo yake inageuka, inarudi. Angalia Baba Zaina. Ulishamuona anaangalia bibi ingine?"

(Baba Zaina alikuwa haoni mbali. Sindano na uzi vilimharibu macho zamani. Lakini sikuona haja ya kutaja.)

"Ni kweli, Mama Zaina?"

"Nikudanganye juu ya nini? Ila usiambie mutu."

Msinishangae kwamba aliamini. Kwetu nani hakujua chale? Fundi wa dawa za kienyeji anakuchanja kidogo kwa wembe, anakupaka dawa, moja ya nyoka, moja ya biashara, moja ya mapenzi. Munganga naye anachanja, naye anapaka dawa. Uongo wangu ulikuta njia imekwisha fyekwa, ukapita bila kujikwaa.

Asubuhi Mwamini alikuwa wa kwanza kabisa kwenye meza, amejipaka mafuta, amenyoosha mkono. Nilifurahi jamani! Nilikaanga vitumbua siku ile huku naimba, nikajiona mwenye akili kuliko munganga, kuliko Mzungu wake, kuliko serikali yote.

Furaha yenyewe haikufika jua la saa sita. Mwamini alikwenda mtoni, na mtoni ana rafiki, na rafiki ana dada. Akaja mwanamke kununua vitumbua viwili, akaniinamia sikioni: "Ile dawa, ni mukono wa kuume ao wa kushoto?" Ningeweza kusema hapo hapo, mama, huo ni upuuzi wangu. Lakini alikuwa amekwisha ongeza vitumbua vingine vitatu, nikatabasamu tu, na tabasamu langu likachukuliwa kuwa ndiyo. Jioni sinia lilikuwa tupu, na mimi matako hayakai kwenye kigoda. Nilijua kuna kitu kinakuja, sikujua kitaanzia wapi.

Kilianzia kwa wake wa muuza nyama. Alikuwa na wawili, na siku ya pili wote wawili walifika kwenye meza ya chanjo kabla ya kuku kushuka, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza, maana wa kwanza ndiye atakayepata dawa yenyewe na wa pili atapata makombo. Nyuma yao wanawake walijipanga mpaka kwenye mahali pa samaki. Wengine walichanjwa jana, wamerudi kuongeza. Mmoja anataka achanjwe karibu na kitovu. Munganga, maskini, alidhani ni hotuba yake ya jana ndiyo iliyowaingia. Alikuwa anatabasamu, anasema, "Voilà! Voilà! Batu banaanza kuelewa!"

Mimi niko kwenye sinia langu hatua chache tu, nageuza vitumbua vilivyokwisha iva, navigeuza tena, vinaungua.

Mke mkubwa akamvuta mwenzake kilemba, mwenzake akamwuma kidole, meza ikapinduka, na katikati ya kelele akatokea muuza nyama mwenyewe na aproni yake ya damu na ndimu iliyokatwa mkononi. Akamshika mke mdogo, akaanza kumsugua ile ndimu kwenye mkono uliotoka kuchanjwa, maana kwetu ndimu inaua dawa.

"Mimi sifungwe kama mbuzi!" anapiga kelele. "Munganga, nani amekutuma kufunga wanaume wa Kasongo?"

Hapo wanaume wengine wakasikia wanachofanyiwa. Huyu anamvuta mkewe kwenye mstari, yule anatafuta ndimu, yule anasema ndiyo maana tangu jana ana kizunguzungu. Munganga amesimama na kalamu yake ya kuchanjia, mdomo wazi.

"Kufunga? Kufunga nini? Ni nani alisema maneno hii?"

 Mwamini, na Zaina wangu mgongoni, akasogea mbele, akajibu kwa sauti safi, bila ubaya wowote, kama mtu anayemsaidia munganga kukumbuka:

"Ni Mama Zaina alisema. Alinionyesha hata bwana yake, vile amefungwa."

Na huyo bwana mwenyewe, Baba Zaina, alikuwepo. Alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni kuangalia kelele ni za nini. Wote wakamgeukia, wakamtazama juu mpaka chini. Akauliza kitu kimoja tu, "Mimi?", na soko zima likapasuka kwa kicheko. (Kwa majuma kadhaa baadaye mume wangu akiwa barazani aligeuza shingo kwa kila mwanamke anayepita, hata bibi kizee wa kuni, na kusalimia kwa sauti, ili watu waone kwamba hajafungwa.)

Munganga akaniita. Nikasimama mbele ya watu wote, mafuta ya vitumbua mpaka kwenye viwiko, nikasema. Nikasema ni uongo, niliutunga mimi, chanjo haijui mapenzi, kazi yake ni ndui peke yake. Nilidhani nikisema kweli mambo yatakaa sawa. Wanaume walikaa sawa ndiyo, wakaanza hata kucheka. Lakini wanawake walitazamana, na mmoja akasema, "Kama haifunge bwana, twaumia bure?" wakaanza kuondoka, mmoja, wawili, halafu mstari mzima, mpaka pakabaki meza, munganga na mimi.

Na Mwamini. Alikuwa ananitazama. Akafungua kikwembe, akamtoa Zaina mgongoni, akaniwekea mikononi vizuri, kichwa chake akakishika mpaka alipoona nimemshika, akaenda zake. Nilitamani ardhi ipasuke, na si kwa sababu ya soko.

Zaina alilia siku nzima ile, na siku iliyofuata. Siku ya tatu nilimfuata Mwamini kwa shangazi yake aliyekaa hapo hapo Kasongo, nikamkuta anasuka mkeka. Nikaanza kujieleza, maneno mengi, mnanijua. Akaniacha nimalize.

"Sasa Ramazani harudi," akasema.

Nikaokota ukindu mmoja ulioanguka, nikampa.

"Siku ile nilichanjwa, gari ikalia jioni, nikaoga kwanza. Nikaoga, nikajipaka mafuta, ndiyo nikatoka."

Nikaketi chini. Hapo, kwa mara ya kwanza, kwa kukosa kingine cha kusema, nikamwuliza: "Mwamini, juu ya nini ulikuwa unaogopa?"

Akasema mama yake. Watu wa malale, wale wa serikali wanaotafuta ugonjwa wa usingizi, walipita kijijini kwao, wakawapanga watu, wakawachoma sindano kubwa ya mgongo. Mama yake alikwenda pale kwa miguu yake, akarudi akiegemea watu, na mpaka mpunga unavunwa alikuwa amezikwa. Kama ni malale yenyewe, kama ni sindano, Mwamini hakujua, hakuna aliyemwambia.

"Nilifikiri ni bale bale, ni mugongo," akasema. "Lakini kwa Ramazani, nikasema basi, bachome."

Jamani. Mtoto wa watu alikwenda pale kwenye meza akidhani anakwenda kufa, kwa uongo wangu wa kwenye kinu. Nililia mbele yake, sina aibu kusema.

Alirudi kwetu, si kwa ajili yangu, alisema wazi, kwa ajili ya Zaina. Homa ilipokwisha akatoa sharti: yeye ndiye atakayempeleka mtoto dispansari, na mimi nisiseme kitu. Nikasimama kando ya mlango, mikono nyuma.

"Unachoma mugongo?" akamwuliza munganga.

"Hapana, mukono tu."

"Itavimba?"

"Itavimba kidogo. Atapata joto siku mbili, tatu, kisha inakauka."

"Na akizidi?"

"Umulete kwangu hata usiku."

Akafikiri. Akamwuliza tena yale yale kwa namna nyingine, na munganga akamjibu tena yale yale, na mimi nyayo zinaniwasha kwa haraka, nataka kusema chanja basi, tumalize! Nikang'ata midomo. Mwisho Mwamini akamvua Zaina mkono wa gauni, akaushika mkono wa mtoto yeye mwenyewe, munganga akachanja.

Ramazani, mkitaka kujua, hakurudi. Ndui ilipita mbali na mtaa wetu mwaka ule, namshukuru Mungu kwa hilo, maana wale wanawake walioondoka kwenye mstari wengine hawakurudi kuchanjwa kamwe, na ningewaambia nini watoto wao? Tangu siku ile mtu akiniambia anaogopa, namwuliza anaogopa nini, kisha nanyamaza nisikilize mpaka amalize. Kuuliza ni rahisi. Hiyo ya kunyamaza ndiyo bado inanitoa jasho.