Marejeo Yaliyokamatwa Stesheni ya Nakuru

Miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati watu wengine wakishughulika na mambo madogo madogo kama kubaki hai, mimi nilikuwa karani wa taipu katika kituo cha utafiti wa ngano nje ya mji wa Nakuru. Kazi yangu kubwa ilikuwa nukta.

Bwana wangu, mtafiti mzungu aliyeijali kutu, ule ugonjwa wa ngano, kuliko wengi wanavyowajali wake zao, alikuwa ameandika makala kuhusu mbegu ambayo, kwa maelezo yake, haishikwi na kutu kamwe. Akaituma kwa jarida la kisayansi huko Uingereza. Meli ikaenda, meli ikarudi, na makala ikarudi nayo. Mhariri hakuwa na neno na ngano. Ngano hata hakuitaja. Kilichomuudhi ni orodha ya marejeo pale mwishoni, yaani majina ya watu walioandika habari za kutu kabla ya bwana wangu, na mahali walipoziandika. Majina ya majarida hayakufupishwa inavyotakiwa. Miaka ilikaa pasipo pake. Namba za juzuu hazikupigiwa mstari wa mawimbi, ule unaomwambia mpiga chapa kwamba hapa herufi ziwe nene.

"Tutaanza tena," bwana akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Jina la baba kwanza. Halafu koma, halafu herufi moja ya jina yake, halafu nukta. Wewe sikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Si nukta halafu koma. Koma, halafu nukta."

Niliupiga ukurasa ule mara nyingi hata mke wangu akaanza kuyajua majina. Mwishowe kila kitu kikakaa sawa, isipokuwa rejeo moja lililokosa namba ya ukurasa. Kitabu chenyewe kilikuwa Nairobi, katika maktaba moja ya serikali. Bwana akaniagiza nipande treni, niitazame namba hiyo, nirudi. Alinipa orodha nzima ili nihakikishe na mengine. Alikuwa mwangalifu sana na koma zake, basi akasahau kuniandikia barua ya safari.

Pale stesheni polisi walikuwa wakipekua mizigo. Sajini mmoja mnene, mtu wa kwetu magharibi, jambo ambalo halikunisaidia chochote, akaitoa orodha kwenye mkoba wangu. Akaigeuza juu chini, kisha akampelekea inspekta. Huyo alikuwa kijana wa Kizungu ambaye ngozi ya pua yake ilikuwa bado inabambuka kwa jua.

"Hawa ni nani?" inspekta akaniuliza.

"Ni wataalamu wa kutu, afande."

"Wako wapi sasa?"

"Wengine Uingereza, wengine Amerika na Australia. Wengine wamekufa."

Akaandika. "Wamekufa vipi?"

"Sijui, afande. Uzee, nadhani."

"Na hii mistari ya mawimbi?"

"Ni ya unene."

Nilipojaribu kueleza unene huo, niliona uso wake ukizidi kuwa mwekundu. Sajini akaweka kidole kwenye karatasi. "Na huyu Etal? Kila mahali yumo."

"Si mtu, afande. Ni Kilatini. Maana yake ni 'na wenzake.'"

Inspekta akainua kichwa. "Wenzake akina nani?"

"Jarida haliruhusu kuwataja."

Basi nikafungiwa.

Katika chumba kile nilimkuta Mkikuyu mmoja wa makamo, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu. Alikuwa akienda kumwona mtoto wake mgonjwa. Cheti cha ruhusa, ambacho siku zile Mkikuyu hakuweza kusafiri bila hicho, alikuwa nacho, lakini kilikuwa na sahihi ya mke wa bwana wake badala ya bwana mwenyewe.

"Wewe wamekushikia nini?" akaniuliza.

"Marejeo."

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za ugonjwa wa mwenzake. "Kwa hivyo kuna watu walisema kitu zamani," akasema, "na wewe unaandika kwamba ni wao walisema."

"Ndiyo."

"Na ukikosea?"

"Wanairudisha karatasi."

Akacheka kidogo, akayatazama magoti yake. "Hiyo ni kazi nzuri," akasema. Sikuwa nimewahi kuifikiria hivyo.

Alasiri bwana wangu akafika na Landrova, baada ya kupigiwa simu. Hakuniuliza kama nimepigwa au nimekula. Aliitandaza orodha juu ya meza ya inspekta, akaona alama za penseli nyekundu kuzunguka majina, na doa la chai.

"Hii lazima wewe piga tena," akaniambia.

Kabla hatujatoka nikamwambia polepole, "Bwana, kuna mtu mule ndani. Cheti anacho. Tatizo ni sahihi tu."

"Sahihi ya nani?"

"Ya mke wa bwana wake."

Akatikisa kichwa kama aliyeonyeshwa koma mahali pa nukta. "Hiyo si sawa. Kila kitu ina taratibu yake."

Nje kulikuwa na lori lenye waya ubavuni, na watu walikuwa wakipandishwa. Mkamuaji alikuwa wa pili kutoka mlangoni. Nikainua mkono, naye akanijibu kwa kichwa. Niliuliza habari zake siku nyingi baadaye, sokoni na kwa watu wa mashamba. Hakuna aliyejua.

Njiani tukaiacha lami. Kisha bwana akasema, "Ile rejeo ya Nairobi, futa tu. Haina lazima."

Nikaifuta. Makala ikapita, mhariri akatuma salamu zake za dhati, na baada ya miezi nakala zikafika zikiwa zimefungwa kwa kamba. Wakati huo kutu ilikuwa imekwisha ingia shambani. Mbegu ile isiyoshikwa kamwe ilikuwa nyekundu toka upande huu hadi ule, na ukipita kati yake suruali inatoka na rangi ya tofali. Jirani yetu mlowezi aliyeipanda shamba zima aliilima chini akapanda pareto. Bwana alisimama kwenye kitalu, nakala mkononi, akasoma marejeo kwanza. Hakupata kosa hata moja, akafurahi.

Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja wa Kanada akaitaja makala hiyo katika orodha yake. Jina la bwana alikuwa amelikosea herufi moja. Bwana hakula chakula cha mchana. Aliniita, akanisomea barua ya malalamiko neno kwa neno, nami nikaipiga taipu, nikaweka nakala ya kaboni kwenye faili, nikaenda zangu nyumbani.