Sindano ya Mwanakombo

Wapo wanawake ukiwaambia wamemlisha mume, wanakutazama kama umewatukania mama. Mwanakombo binti Mfaume wa Tandika alikuwa mmoja wao, na hilo ndilo lililomponza.

Tangu utotoni hakuwa anaona mbali. Mtu akisimama ng'ambo ya barabara, kwake ni ukungu tu, hajui ni mjomba au mwizi. Alivaa miwani yenye vioo vinene, na shuleni watoto wakambandika jina la Chupa. Lakini Mungu hakunyimi yote. Akiivua hiyo miwani na kusogeza kitambaa mpaka kiguse ncha ya pua, aliona uzi mmojammoja wa bafta kama wewe unavyoona vidole vyako. Kwa macho hayo alishona kofia za viua, zile nyeupe za mkono, ambazo kila kitundu kinatobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka kofia nzima ijae maua. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Kofia ya kwanza alimshonea mchumba wake Mudathir, kama ada inavyotaka, na Mudathir akaivaa siku ya nikahi.

Wakazaa binti, Najat. Kisha kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Mudathir kikaanza kuyumba, wakapunguzwa watu, naye akiwamo. Akarudi nyumbani na vitambaa viwili vya shuka na maneno mengi. Miaka ile akawa wa kukaa barazani anacheza bao, na asubuhi anakwenda sokoni kifua mbele, anarudi na samaki. Mtaa mzima ukasema, "Mudathir mwanamume kwelikweli, kapunguzwa kazi lakini mkewe hajalala njaa!" Hawakujua samaki wametoka kwenye sindano. Mwanakombo alishonea uani, mlango umefungwa, na kofia zikiisha alimpa shoga yake Chausiku, ambaye alizipeleka Kariakoo akisema ni zake. Mumewe alijua. Hakuwahi kulitaja, na yeye hakuwahi kumkumbusha. Huko Mwanakombo alikuita kumsitiri mume.

Ndipo zikaja zama za ruksa, kila mtu akawa mfanyabiashara. Mudathir akaanza na mitumba, akahamia redio na vitambaa, akawa mtu wa Dubai na Bombei. Mambo yakamnyookea, asikufiche mtu. Akapata marafiki wapya wenye wake wa kupendeza, na hapo ndipo ile miwani ilipoanza kumwasha.

Siku moja walialikwa harusi hotelini, Mbezi Beach. Mudathir akamwambia mkewe, "Mama Najat, leo iache hiyo miwani nyumbani, unanizeesha." Akaiacha. Ukumbini akampita shangazi mkubwa wa mumewe hatua moja tu, hakumwona, hakumpa shikamoo. Bi mkubwa akawasha moto mbele za watu, "Siku hizi mke wa tajiri hasalimii!" Mwanakombo alitamani ardhi ipasuke. Na Mudathir, badala ya kusema mie ndiye niliyemvua miwani, akasema, "Samehe shangazi, huyu macho yake mabovu. Nitampeleka yakatengenezwe."

Bombei, alisikia, kuna mionzi inayochonga mboni kidogo tu na mtu akatupa miwani siku hiyohiyo. Lakini kwanza ilibidi daktari wa hapa ampime. Wakaenda kwa Dokta Revelian, Mhaya mmoja mpole, mwenye kliniki yake mjini.

Dokta akapima, akazima taa, akawasha taa. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, nisikilize vizuri," alisema. "Wewe huoni mbali, ila karibu unaona kuliko mimi. Wenzako wa umri wako wanaanza kunyoosha mkono wakisoma. Wewe unavua miwani tu. Mionzi ikikupa mbali, itakunyang'anya hiyo karibu, na haina kurudi. Kwa mtu mwingine si neno. Kwa mwingine ni kumharibia maisha. Ndiyo maana nakuuliza, kazi yako nini?"

"Hana kazi, dokta," Mudathir alidakia. "Mama wa nyumbani."

"Hashoni? Hafumi?"

"Ashone nini? Mtaani mafundi wamejaa."

"Namuuliza mama mwenyewe."

Jamani, mlango ulikuwa wazi pale! Neno moja tu lingetosha. Mwanakombo alimtazama mumewe, ameketi na kanzu yake iliyopigwa pasi na kofia kichwani, kofia aliyomshonea mwezi wa Ramadhani. Akaona akilisema lile neno atakuwa amemvua nguo mbele ya mgeni.

"Niko nyumbani tu, dokta," alisema.

Dokta hakuridhika. Akampa jaribio. "Nenda kavae miwani yako tangu asubuhi mpaka kulala, usiivue kwa lolote. Fanya kazi zako zote hivyohivyo. Utakavyoona karibu ukiwa na miwani, ndivyo utakavyoona baada ya mionzi. Ukiridhika, rudi. Usiporidhika, kaa na miwani yako, haina ubaya." Wakati wanaaga akamgeukia Mudathir. "Kofia yako nzuri sana mzee. Umeipata wapi?"

"Nililetewa kutoka Unguja," Mudathir alijibu, bila hata kukohoa.

Shukrani ya punda mateke, wahenga hawakukosea.

Kesho yake Mwanakombo aliivaa miwani na hakuivua. Alipika, alifua, akaona mpaka kunguru juu ya paa la jirani. Baada ya adhuhuri akafunga mlango wa uani akatoa kofia iliyokuwa nusu. Akaisogeza puani kama kawaida. Ukungu. Akainyoosha mbali kidogo, kitambaa kikaonekana lakini vitundu vikafutika, kote kweupe. Akajaribu kuzungusha uzi kwa kukisia, sindano ikamchoma kidole, doa la damu likaingia kwenye bafta. Akaweka kofia chini akalia. Hakulilia kidole.

Chausiku alimkuta hivyohivyo, akaelezwa. "Shoga, una wazimu?" alisema. "Biashara ya Mudathir leo ipo, kesho Mungu ndiye ajuaye. Hiyo sindano imekuacha lini? Mwambie hutaki! Mficha uchi hazai."

Basi jioni akajikaza. Mudathir alipomaliza kula, akamnawisha mikono, akaanza.

"Baba Najat, lile jaribio la dokta nimelifanya. Sioni tundu."

"Tundu la nini?"

"La kofia."

Mudathir akakunja uso. "Kofia bado tu? Mie nimekuondolea dhiki, wewe unaitafuta kwa tochi? Unataka nirudi kwa dokta nimwambie mke wangu anashona kofia za kuuza? Watu wakianza kuulizana tangu lini, nitawajibu nini?"

Tangu lini! Jibu lilikuwa limemfika mdomoni. Tangu ulipokuwa huna hata nauli. Tangu Najat alipolipiwa shule na wewe ukapongezwa. Sindano ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa chake, asichokiomba wala kupewa na mtu, na sasa kilikuwa kinamtoka mikononi huku akiangalia. Lakini aliona pia jinsi mumewe alivyokuwa anatupia macho mlangoni, asije akawasikia mtu. Aliogopa, yule mwanamume. Na mwanamke aliyezoea kusitiri, huruma humjia kabla ya hasira.

"Basi," alisema. "Utakavyo wewe."

Wakarudi kwa dokta, na alipoulizwa kama karibu anaona vizuri, Mwanakombo akasema anaona. Huo uongo ni wake, tusimbebeshe Mudathir peke yake. Wakasafiri. Mionzi yenyewe ikaisha upesi kuliko kusuka ukili mmoja wa mkeka.

Alirudi bila miwani, na kweli mbali aliona. Alimpa shangazi shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara, bi mkubwa akacheka kwa furaha. Mudathir akawa anatoka naye kila mwaliko. Ila kuchambua mchele hawezi, mpaka akanunuliwa miwani ya kusomea. Angalia mambo hayo, miwani kwa miwani! Na hiyo mpya ilimfikisha kwenye gazeti na mchele tu. Kwenye kiua haikufika. Alijaribu mara kadhaa, akatoa mishono ya mtoto anayejifunza, akaikunja bafta akaiweka chini ya sanduku. Chausiku akatafuta mshonaji mwingine, Mtoni huko.

Neema ya Mudathir haikufika mbali. Maduka ya vitambaa yakafurika kila kona, mshirika wa Mudathir akatoweka na mzigo, gari likauzwa, marafiki wa harusini wakasahau njia ya Tandika. Mudathir akarudi barazani kwenye bao lake. Safari hii asubuhi hakwenda sokoni. Angekwenda na nini?

Ikapita hivyo mpaka siku moja aliingia uani, akavuta kigoda, akakaa karibu na mkewe, jambo ambalo hakulifanya miaka mingi. Akaivua kofia kichwani akaigeuzageuza. Ilikuwa ileile ya Ramadhani, imeanza kuchakaa.

"Mama Najat," alisema kwa sauti ya chini, "hivi Chausiku bado anapeleka zile kofia Kariakoo?"

"Anapeleka."

"Nilikuwa nawaza... si ungeshonashona mbili tatu? Za kutusogeza tu. Mlango tutafunga, hakuna atakayejua."

Mwanakombo akanyoosha mkono akaichukua ile kofia. Akaisogeza puani, akaona ukungu. Akainyoosha mbali, akaona kitambaa cheupe, hakuna ua hata moja. Kazi ya mikono yake mwenyewe, na hakuiona. Akamrudishia.

"Hii si ulisema uliletewa kutoka Unguja?" alimwambia. "Agiza nyingine hukohuko. Mie mama wa nyumbani, Baba Najat. Sina kazi."