Gunzi Kwenye Mrija wa Injini

Fundi aliponiambia pikapu yangu kuukuu imeanza tena kuvuja oili, sikumwamini hata chembe. Sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, alibadilisha yeye mwenyewe juzijuzi. Mtu anayekufungia injini leo na kesho ikavuja ni wa kuchungwa, nami nilimchunga. Niliketi juu ya tairi pale gereji yake Kisumu, macho kodo, nisije nikaona kifaa changu kikihamia gari la mwingine.

"Bwana, hata kijiti ya kupima oili inaruka yenyewe," alisema. "Hii injini imenyimwa pumzi."

Pumzi! Nikaguna. Alilala chini ya gari, nami nikainama palepale.

Injini hizi za zamani, alinieleza, kila zikiunguruma moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushukia kwenye oili. Moshi huo hutoka nje kwa mrija unaotazama chini, na gari likikimbia upepo huufyonza. Mrija ukizibwa, moshi hujazana ndani na kuisukuma oili nje kupitia sili, hata ziwe mpya. Akachokonoa mrija kwa bisibisi. Kikadondoka kipande cha gunzi la mahindi.

"Umekiweka wewe," nikamwambia usoni.

Akanipa tu. Gunzi lilikuwa limechongwa vizuri na kuviringishiwa utepe wa mfuko wa nailoni. Nikalitambua. Hivyo ndivyo mama yangu anavyoziba chupa yake ya mafuta ya taa, na yeye ndiye ninayembeba kila wiki na magunia yake ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuo wa Luanda Kotieno.

Nilimkuta sokoni akipepeta omena. Nikamwonyesha gunzi, na wala hakukana.

"Wateja walikuwa wananusa, wanarudisha," alisema. "Eti omena inanuka moshi ya gari. Nikatafuta mahali inatoka, nikafunga."

"Umekaribia kuniulia injini, Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Nyathina, mtoto wangu, ningekuambia, ungesema nipande basi." Aliendelea kupepeta. "Na kwa basi nitaongea na nani?"

Nilisimama pale na gunzi mkononi, nikaona aibu. Njia nzima kutoka Luanda Kotieno mama huongea, na mimi huwa nasikiliza injini.